Mama anataka mjomba aniandikie barua ya kuombea shule ya udaktari

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina miaka 26. Nilizaliwa Tanga, nikaja Marekani nikiwa na miaka 15 baada ya baba kupata viza ya bahati nasibu. Tunaishi Columbus, Ohio. Nilianzia chuo cha miaka miwili kwa sababu ada yake inabebeka, kisha nikahamia chuo kikuu, na Mei mwaka huu namaliza shahada ya biolojia. Usiku nabeba boksi kama wenzangu: ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi.

Nimeamua kuomba shule za udaktari za osteopathia, zile ambazo mhitimu wake anaandika DO baada ya jina badala ya MD. Aliyenivuta huko ni daktari anayekuja kwenye nyumba yetu kila Jumanne asubuhi, wakati sisi wa usiku tunakabidhi zamu. Siku moja kulikuwa na bibi aliyelalamika usiku kucha kwamba ubavu unamchoma. Daktari alivuta kiti, akaketi, akaweka viganja viwili mbavuni mwa bibi, akanyamaza kwa muda. Vidole vilikuwa vinatafuta. Kipimo cha kusikilizia mapafu alikichukua baadaye kabisa. Nilipomuuliza akanieleza kwamba yeye ni DO, na akaniruhusu kumfuata siku mbili kwenye kliniki yake.

Maombi yanafunguliwa Mei, na kilichonikwamisha ni barua za mapendekezo. Nimeandika majina kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika tena.

Wa kwanza ni profesa wa kemia ogania. Ni mtu mwenye jina, vitabu ameandika. Darasani tulikuwa zaidi ya mia tatu, nikapata A. Nilipomfuata kuomba barua alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi, kisha akasema sawa, andika wewe mwenyewe unavyotaka isomeke, uniletee nisaini. Nilifurahi mpaka nilipopanda basi, ndipo nikaanza kujiuliza.

Wa pili ni mwalimu wangu wa anatomia na fiziolojia wa kile chuo cha miaka miwili. Huyu ananijua. Muhula wa kwanza nilipata B ya kuponea chupuchupu, wa pili nikapata A. Mpaka leo huwa ananitumia ujumbe kuniuliza kama nalala vizuri. Lakini hana PhD, na chuo chenyewe watu wanakidharau. Naogopa nikiweka barua yake nitakuwa nawakumbusha nilikoanzia.

Wa tatu ni mwalimu wa baiokemia, ambaye nimeanza kusoma naye muhula huu. Darasa lina watu kama arobaini. Ni mama mkali, nami hukaa nyuma kwa sababu natoka kazini moja kwa moja, sare bado iko mwilini.

Wa nne ni huyo daktari DO. Siku mbili tu, Mama. Nitamwombaje?

Wa tano ndiye balaa. Mjomba wangu ni daktari bingwa wa upasuaji Dar es Salaam na anaheshimika. Mama ameshampigia, mjomba ameshakubali, na nasikia barua ameshaianza. Mama anasema majina yetu ya ukoo hayafanani, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba ni ndugu. Nikisema hapana nitaambiwa nimeona Marekani nikawasahau walionilea, maana ada yangu ya sekondari kabla hatujaondoka alilipa yeye. Na juu ya yote, mjomba mwenyewe hizi shule hazimwingii akilini. Alimwambia mama kwamba hao ni watu wa kunyoosha migongo, na kwamba barua ataandika ila nifikirie tena.

Baba naye anasema imamu wa msikiti wetu asisahaulike.

La mwisho: kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua kama naacha haki yangu ya kuzisoma hizo barua. Nikiiacha, nitajuaje kilichoandikwa? Na kuomba kwenyewe naona haya mno. Nikisimama mbele ya mwalimu maneno yananikauka.

Mwenye Haya, Columbus


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na mjomba, maana naona huyo ndiye anayekunyima usingizi kuliko maprofesa wote.

Barua yake usiitumie. Shule nyingi za osteopathia zimeandika wazi kwenye masharti yao kwamba barua ya ndugu haipokelewi, na hata ile ambayo haikuandika haitaipa uzito. Hoja ya mama kwamba majina hayafanani ndiyo inayonitia hofu zaidi. Anayeandika barua hutakiwa kueleza anamfahamu mwombaji tangu lini na kwa njia gani. Mjomba atasema nini hapo? Akisema kweli, barua imekwisha kazi. Akificha, mmeandikiana uongo na kuutia sahihi, nawe mwishoni mwa fomu utakuwa umethibitisha kwamba kila ulichowasilisha ni cha kweli. Jambo kama hilo likifumuka hata ukiwa mwaka wa tatu wa masomo, shule ina haki ya kukutoa. Mama hayajui haya, na hakosei kutaka kukusaidia kwa njia anayoijua. Mweleze taratibu.

Mjomba usimtumie mtu. Mpigie mwenyewe, jioni ya Dar akiwa ametulia nyumbani, umwamkie, umshukuru kwa kukubali, kisha umwambie: "Mjomba, nimesoma masharti, shule haziruhusu ndugu kuandika." Ni kweli tupu, na inamwachia heshima yake, kwa sababu hakukataliwa na mpwa wake. Halafu papo hapo mpe kazi nyingine, tena kubwa zaidi. Mwombe asome insha yako ya kueleza kwa nini unataka udaktari, na akufanyie mahojiano ya majaribio kwa simu mara kadhaa. Daktari bingwa aliyekwisha kusimamia vijana wodini atakuuliza maswali ambayo rafiki zako hawawezi kukuuliza. Mtu aliyekulipia ada anataka mkono wake uonekane kwenye safari yako, na hapo utaonekana kweli, kuliko kwenye barua ambayo ingetupwa.

Kuhusu watu wa kunyoosha migongo, mjomba ana sababu ya kufikiri hivyo. Uingereza na nchi nyingi nyingine, osteopathi si daktari wa tiba, na madaktari wetu wengi wamezoea utaratibu wa Kiingereza. Marekani ni habari tofauti. Elimu hii ilianzishwa na daktari Andrew Taylor Still, aliyeitangaza mwaka 1874, na shule ya kwanza ikafunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Leo mwenye DO ana leseni kamili ya udaktari katika majimbo yote 50: anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anakuwa bingwa wa moyo au wa akili. Anasoma miaka minne kama mwenzake wa MD, na juu yake anaongezewa mafunzo ya kutibu misuli na viungo kwa mikono, yale uliyoyaona kwa bibi wa ubavu. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Na kama mjomba bado anaguna, mwambie Sean Conley aliyemtibu Rais Trump alipougua Uviko mwaka 2020 ni DO, na Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Rais Biden, naye ni DO. Hiyo ya Ikulu huwa inawanyamazisha wajomba wengi.

Sasa barua zenyewe.

Nimekaa miaka mingi na wanafunzi wanaoomba shule hizi, na kosa linalojirudia ni kuchagua cheo cha mwandishi. Anayesoma faili lako ana alama zako mbele yake, ana matokeo ya MCAT, ule mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, ana insha yako. Anachokosa ni mtu aliyekuwa chumbani pamoja nawe na kuona unavyofanya mambo yakiwa magumu. Barua ni ushahidi, na shahidi ambaye hakuwepo hana la kusema hata akiwa na vitabu kumi. Tazama hii:

"Alisoma kozi yangu ya kemia ogania na kupata A. Alihudhuria vipindi, ana bidii na nidhamu. Nampendekeza bila kusita."

Hakuna neno hapo ambalo halimo kwenye orodha ya alama. Sasa hii, ambayo naibuni tu kutokana na uliyoniambia:

"Muhula wa kwanza mzunguko wa damu ndani ya moyo ulimshinda kwenye kila jaribio. Alianza kuja ofisini kwangu Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, akitoka zamu ya usiku, akichora vyumba vinne vya moyo ubaoni mpaka akaweza kunieleza mimi bila kitabu. Muhula wa pili yeye ndiye aliyekuwa akiwachorea wenzake."

Ya pili ina B ndani yake, na ndiyo inayomfanya msomaji atake kukuona. Kwa hiyo mwalimu wa anatomia aandike, na umwombe wiki hii. PhD yake haina anayeiuliza kiasi unachodhani. Shule zinataka mwalimu wa sayansi aliyekufundisha darasani, na yeye alikufundisha mihula miwili. Wala usione aibu na ulikoanzia, kwa sababu vyuo vyote ulivyosoma lazima uviorodheshe na nakala za alama zipelekwe. Watakijua tu. Afadhali wakijue kupitia mtu anayekisemea vizuri.

Ila usimtegemee yeye peke yake kwa upande wa masomo. Shule nyingi zinataka barua mbili za walimu wa sayansi, na zipo zinazopenda angalau moja itoke chuo kikuu kilichokupa shahada. Hapo ndipo anapoingia mama mkali wa baiokemia. Una bahati kwamba muhula ndio kwanza umeanza. Kesho kaa mbele. Sare ya kazi isikufanye ujifiche, hiyo ni sehemu ya habari yako na yeye haijui. Nenda ofisini kwake saa za wanafunzi, uwe na swali la kweli la somo, siyo kwenda kujipendekeza, maana walimu wananusa hilo tokea mlangoni. Rudi wiki inayofuata na jingine. Kufikia mwishoni mwa Machi, matokeo ya mitihani miwili yakiwa mkononi, muombe. Ukimuomba leo atakuandikia kuhusu mtu anayekaa nyuma.

Profesa wa kemia muache. Najua A inauma kuiacha. Lakini hiyo habari ya andika nisaini usiikubali kwake wala kwa mwingine yeyote, hata kama ni desturi uliyoizoea toka nyumbani. Kwanza si barua yake, ni yako imevaa koti lake, na shule inaisoma ikiamini ni maneno ya mwalimu. Pili, mkono wako utajulikana: insha na barua zitakuwa na sentensi za mtu mmoja, na wasomaji wa mafaili wamezisoma nyingi. Tatu, sisi tuliolelewa tusijisifu tukiachiwa kalamu tunajipunja. Nimeona rasimu hizo. Msichana aliyeongoza maabara nzima anajiandikia kwamba "alishirikiana vizuri na wenzake", basi. Kama ungependa kitu kutoka darasa lile, mtafute msaidizi wa kufundisha aliyesimamia maabara yako. Huyo pengine anakukumbuka kwa jina. Zipo shule zinazokubali barua iliyoandikwa na msaidizi kama profesa ametia sahihi pamoja naye. Lakini kwa hali yako sioni haja.

Daktari wako sasa. Unasema siku mbili tu, kumbe anakuona kila Jumanne. Wengi wanaomfuata daktari kliniki husimama ukutani na daftari, naye hana cha kuandika zaidi ya "alifika kwa wakati". Wewe amekuona ukifanya kazi: ukikabidhi zamu, ukieleza nani hakula, nani kapumua vibaya alfajiri. Hata hivyo ongeza siku. Jumanne ijayo mwambie unaomba shule za DO mwaka huu, na ungependa kurudi kliniki siku kadhaa kabla ya Mei. Ukiwa huko uliza. Muulize lini anatumia mikono na lini haitumii, kwa nini alichagua njia hii, nini kinamchosha. Barua ya daktari DO inasaidia hasa pale inaposema kwamba unaelewa unachokiomba, na hukukimbilia DO kwa kuogopa kukosa MD. Shule zinatofautiana: kuna inayodai barua ya DO, kuna inayokubali ya DO au MD, kuna inayosema si lazima ila inapendelea. Wewe unayo karibu, na wenzako wengi wanahangaika kuitafuta. Kwa anayesoma hapa na hamjui DO hata mmoja: angalia vitambulisho kifuani hospitalini kwenu, au chama cha madaktari wa osteopathia cha jimbo lako, na anzia kwa madaktari wa familia, maana zaidi ya nusu ya DO wako kwenye huduma za msingi.

Neno la pembeni hapo. Bibi wa ubavu ukimtia kwenye insha, asitambulike. Jina, chumba, mji aliotoka, ugonjwa wenye alama yake, vyote viache. Sheria ya siri za wagonjwa inakuhusu wewe msaidizi kama inavyomhusu daktari.

Kuna mtu hukumtaja kabisa, nami nilikuwa namngoja mpaka nikamaliza kusoma barua yako. Muuguzi msimamizi wako wa zamu ya usiku. Nani anakuona saa tisa usiku unapombadilisha mzee shuka mara ya tatu na bado unamwita kwa jina? Nani anajua kama unachelewa, kama unajibu kwa jeuri, kama wenzako wanapenda kupangwa nawe? Walimu wanaweza kusema una akili. Yeye ndiye wa kusema kama mgonjwa yuko salama mikononi mwako. Barua ya msimamizi wa kazi haichukui nafasi ya mwalimu wa sayansi, inaongezwa juu yake, na kwa mtu mwenye miaka ya kazi kama wewe, mimi nisingeiacha.

Imamu hapana, kwa upendo wote. Kama kuna kazi ya kujitolea uliyoifanya chini yake, hiyo iingie kwenye orodha ya shughuli zako. Baba atakuelewa ukimuomba imamu dua badala ya barua.

Basi una wanne: baiokemia, anatomia, daktari, muuguzi. Mfumo wa maombi, AACOMAS, una nafasi sita za barua. Usizijaze eti kwa sababu zipo. Lakini kabla hujamuomba yeyote, pita ofisi ya ushauri ya chuo kikuu chako uulize kama kina kamati ya wanaoomba udaktari. Vyuo vingine vina kamati inayokuhoji na kuandika barua moja kwa niaba ya walimu, na shule nyingi zinaikubali badala ya barua za mwalimu mmoja mmoja. Ikiwepo na usiitumie, zipo shule zitakazokuuliza kwa nini. Kamati hizo huwa na tarehe zake za mapema, kwa hiyo nenda wiki hii.

Kisha fungua daftari, uandike shule unazozitaka na kila moja inadai nini. Tovuti ya AACOM, chama cha shule hizi, ina maelezo ya kila shule, lakini masharti ya barua yasome kwenye ukurasa wa shule yenyewe. Anza na ya jimboni kwako, Heritage College ya Ohio University. Makao yake yako Athens, na ina kampasi Dublin, hapohapo karibu nawe, na nyingine Cleveland. Ukiitaka ile ya Fort Worth, Texas, ujue hiyo inaombwa kwa mfumo mwingine wa jimbo hilo, TMDSAS, na barua zinatakiwa kwenda huko pia.

Barua hupakii wewe. Unaingiza jina na barua pepe ya mwandishi kwenye AACOMAS, naye anatumiwa kiungo cha kuwasilishia. Ujumbe huo unatoka Liaison, kampuni inayoendesha mfumo, na mara nyingi unatumbukia kwenye takataka za barua pepe, kwa hiyo siku unapoituma mpe taarifa autafute. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo au kliniki, iwe na tarehe na sahihi. Isitaje jina la shule moja, kwa sababu hiyohiyo inakwenda kwa zote. Na ikishaingia haibadilishwi, ndiyo maana nakusumbua uchague vizuri mwanzoni. Fomu yako unaweza kuiwasilisha Mei bila kusubiri barua, ili uhakiki wa alama uanze. Lakini shule nyingi hazisomi faili mpaka barua zitimie, na nafasi zinajazwa kadiri maombi yanavyoingia. Waandishi wako wape tarehe ya katikati ya Mei. Walimu wakishaondoka likizo ya kiangazi, kuwapata ni mtihani mwingine.

Haya yako nayaelewa. Kwetu kumwendea mkubwa na ombi la moja kwa moja bila kumpitishia mtu ni kama utovu wa adabu, ndiyo maana mama akapiga simu badala yako. Hapa ulipo, wanategemea uombe mwenyewe, na kuandika barua hizi ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Mwomba chumvi huombea chungu chake. Kama mdomo unakauka, andika kwanza barua pepe fupi ya kuomba dakika kumi za kuonana, useme kabisa ni kuhusu barua, ili ukifika mlangoni neno gumu liwe limeshasemwa. Mkionana, uliza hivi: "Je, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri ya shule ya udaktari?" Kisha nyamaza, usimjazie majibu. Akisema "naam, kwa furaha", endelea. Akisema "naweza kukuandikia barua" na lile neno nzuri limepotea, umeshajibiwa. Mshukuru, usimtumie kiungo.

Anayekubali mpe vitu vichache: orodha ya alama, muhtasari wa kazi na shughuli zako, insha hata kama ni rasimu, na ukurasa mmoja wa kumkumbusha. Ukurasa huo ndio dawa ya haya yako na ndio jibu la halali kwa wale wa andika nisaini. Usimwambie akusifie nini, mkumbushe yaliyotokea: muhula gani, maabara ipi, ulikwama wapi, ulirudi vipi. Yeye ndiye atakayeamua lipi lina uzito. Wiki mbili kabla ya tarehe mkumbushe kwa mistari miwili, hawachukii. Zawadi kabla ya barua usipeleke, hata kitenge, isije ikaonekana ni malipo. Baadaye kadi ya shukrani yenye mwandiko wako inatosha, na uwaambie matokeo yakitoka.

Haki ya kusoma barua iache. Msomaji wa shule huona kama umeiacha au la, na barua ambayo mwandishi alijua utaisoma inapungua thamani machoni pake. Ukishauliza lile swali la barua nzuri ana kwa ana na kujibiwa vizuri, umejua unachohitaji kujua.

Limebaki la profesa wa kemia, maana anangoja rasimu yako. Mwandikie leo: unamshukuru kwa kukubali, umepata waandishi waliokusimamia kwa karibu zaidi, hutamsumbua tena. Hatauliza zaidi. Ana darasa jingine la watu mia tatu.